Nani Anachekwa? Mazungumzo na Wachora Katuni Chipukizi wa Bugene

Mpenzi msomaji, haya ni mazungumzo ya mchora katuni mmoja mbele ya wanafunzi wa sekondari wanaopenda kuchora, huko Bugene wilayani Karagwe. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache ya wanafunzi. Kama shuleni kwenu kuna klabu ya afya na ubao wa matangazo ulio mtupu, basi yanawahusu na ninyi.



Nimeombwa nizungumze juu ya uchoraji wa katuni. Naona wengi mmekuja na madaftari, na kurasa za nyuma za madaftari hayo najua zina nini. Kuna vichwa vya watu, kuna magari, kuna Naruto, na kuna mwalimu mmoja ambaye hatutamtaja jina. (Kicheko.) Msizifiche kurasa hizo. Wachora katuni wengi walianzia hapo hapo, nyuma ya daftari la hesabu.

Leo tuna mambo mawili tu. La kwanza, tunajifunzaje kutoka kwa wachoraji waliotutangulia? La pili, tukishajifunza tunachora nini, hasa tunapochora habari za afya? Tukifika mwisho mtaona kwamba mambo haya mawili yanashikana mkono.

HAKUNA ALIYEANZA PEKE YAKE

Tuanze na huyo Naruto mnayempenda. Amechorwa na Mjapani anayeitwa Masashi Kishimoto. Kishimoto alipokuwa mtoto alikuwa anazipenda mno katuni za Dragon Ball, za Akira Toriyama. Toriyama naye utotoni alivutiwa na filamu za Walt Disney wa Marekani, na pia na katuni za Mjapani mwenzake, Osamu Tezuka. Na huyo Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928, aliitazama filamu ya Disney iitwayo Bambi mara nyingi sana, makumi ya mara, mpaka akaijua kama mnavyoijua njia ya kwenda kisimani.

Kwa hiyo yale macho makubwa yanayong'aa, mnayoyachora nyuma ya daftari, yamesafiri. Yametoka Marekani, yakapita Japani, yamefika Bugene. Je, huo ni wizi? Hapana. Ndivyo sanaa inavyotembea. Mtoto huongea kwa kuwasikiliza wanaoongea, na mchoraji huchora kwa kuwatazama waliochora.

Lakini sikilizeni jambo moja kuhusu Tezuka. Yeye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka. Alimaliza, kisha akachagua kuchora. Mwaka 1973 akaanza katuni ya Black Jack, habari za daktari bingwa wa upasuaji asiye na leseni. Sasa jiulizeni: macho makubwa aliyapata kwa nani? Kwa Disney. Na hospitali je, wagonjwa, hofu ya ndugu wanaosubiri nje ya mlango? Hayo aliyapata kwenye maisha yake mwenyewe. Alijifunza ufundi kwa wengine, akautumia kusema yale aliyoyajua yeye.

Na tusidhani haya ni mambo ya Japani tu. Hapa kwetu tuna ukoo mrefu wa wachora katuni. Waulizeni wazee wenu kuhusu Chakubanga. Huyo alichorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kuanzia miaka ya 1960. Wakenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Kisha waulizeni wazazi wenu kuhusu jarida la Sani. Miaka ya 1980 na 1990 vijana walikuwa wanalipokezana mpaka kurasa zinachakaa, wakimfuatilia Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe na Pimbi. Mmoja wa wachoraji wake wa mwanzo alikuwa Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika wa Sani hawakuzikwa naye. Mikono mingine iliendelea kuwachora.

Halafu yuko Gado, Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kutoa katuni magazetini akiwa bado kijana mdogo, umri kama wenu. Mwaka 1992 alikwenda Nairobi kuchorea gazeti la Daily Nation. Mwaka 1996 alitoa kitabu cha katuni cha Abunuwasi. Abunuwasi hakubuniwa na Gado. Ni hadithi za zamani, bibi na babu walizisimulia kabla gazeti halijafika huku. Alichofanya Gado ni kuzipa sura, nguo, punda na barabara. Yuko pia Masoud Kipanya, aliyempa panya mdogo kazi ya kuyaona mambo ya wakubwa na kuyasema.

Basi ukitaka kujifunza, una walimu wengi, na wengine hawataki hata ada.

IGA JICHO, USIIGE MKONO

Sasa, kuna namna mbili za kumuiga mchoraji.

Ya kwanza ni kuiga mkono. Unaweka picha yake mbele yako, unaifuata mstari kwa mstari. Hilo si baya. Ni mazoezi, kama kurudia mazoezi ya hesabu yaliyo kwenye kitabu. Vidole vinajifunza. Lakini ukiishia hapo, na ukaitia saini yako chini, hapo umechukua cha mtu. Ukionyesha watu mchoro ulioufuata kwa mwingine, andika: "kwa kumfuata fulani." Haikupunguzii heshima hata kidogo.

Ya pili ni kuiga jicho. Hapa unamuuliza mchoraji maswali, hata kama yuko mbali au amekwisha kufa. Alisimama wapi alipoitazama habari hii: juu, chini, mlangoni, nyuma ya mtu? Ni kitu gani ameacha kukichora? Mikono ya watu wake inafanya nini? Maneno yako wapi, na wapi amenyamaza? Na swali la mwisho, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: katika katuni hii, nani anachekwa?

Niwape mfano wa mkono hodari uliokuwa na jicho vivu. Yule Mbelgiji Hergé, mchoraji wa Tintin, alichora safari ya Tintin kwenda Kongo, ikatoka gazetini mwaka 1930 na 1931. Hergé hakuwahi kufika Kongo. Alichora kwa kufuata picha na maneno yaliyokuwa yakizagaa Ubelgiji wakati wa ukoloni. Matokeo yake Wakongo wote wana midomo mikubwa ya kufanana, na wote wanaonekana wajinga mbele ya kijana mmoja mgeni na mbwa wake. Mistari ni safi kabisa. Habari ni ya uongo. Na nani anachekwa humo? Ni watu ambao hakuwauliza chochote.

Mwaka 1934 Hergé alikutana na kijana wa Kichina, Chang Chongren, aliyekuwa anasoma sanaa Brussels. Hergé alikuwa anataka kuchora habari za China. Chang akamwonyesha jinsi Wachina wanavyoishi, jinsi wanavyoandika, nyumba zao zilivyo. Katuni iliyotoka hapo ilikuwa tofauti kabisa. Mkono ni ule ule, lakini jicho limefunguka kwa sababu safari hii alimsikiliza mwenyeji.

Na Karagwe yetu je? Ilichorwa mapema kuliko mnavyodhani. Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika. Speke aliondoka Januari kwenda Buganda. Grant alibaki hapa mpaka Aprili 1862, kwa sababu mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, hata kutembea hawezi. Akawa anachora alichokiona: watu, vitu, nchi. Angalau yeye alikuwepo. Lakini alichora kwa jicho la mgeni, tena mgeni mgonjwa anayesubiri kupona aondoke zake.

Ninyi si wageni. Mnajua baiskeli iliyopakia mikungu ya ndizi inavyosukumwa mlimani. Mnajua uso wa mama anayeanika kahawa huku akitazama mawingu. Mnajua siku senene wakianguka watu wanavyosahau kila kitu. Mnajua bweni likizimwa taa kunasemwa nini. Hergé na Grant wasingeweza kuchora hayo, na Kishimoto hawezi. Bila ninyi hayatachorwa.

PICHA YA JANA INAWEZA KUWA UONGO WA LEO

Hapa sasa tunaingia kwenye afya, na naomba tutulie kidogo.

Mnajua kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Wazee wenu waliishi miaka hiyo. Mwanzoni ugonjwa haukuwa hata na jina. Watu wakauita Juliana, jina la nguo za mtindo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Tazameni jina hilo lilivyofanya kazi: lilikuwa kama kidole kinachowanyooshea wafanyabiashara na wanawake wanaopenda kuvaa vizuri. Jina nalo ni aina ya katuni. Linachora mtu kwa mstari mmoja tu.

Kisha yakaja mabango. Mabango mengi ya miaka ya 1980 na 1990, siyo hapa Tanzania tu, yalichora fuvu la kichwa, mifupa na jeneza. Mengine yalimchora mwanamke kama mtego na mwanamume kama panya anayeingia mtegoni. Waliochora walikuwa na nia njema. Watu walikuwa wanakufa, na dawa haikuwepo. Walitaka kutisha ili watu wajihadhari. Lakini aliyekuwa tayari na virusi, akiliona lile fuvu ukutani, alielewa nini? Alielewa kwamba yeye ni maiti inayotembea. Basi akajificha. Hakwenda kupima, hakumwambia mkewe, hakumwambia mumewe.

Leo mambo yamebadilika. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini mwetu mwaka 2004. Anayemeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa anaishi, anasoma, anafanya kazi, anaoa au anaolewa, anazaa. Na akizimeza vizuri mpaka kipimo kisione virusi kwenye damu yake, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kuna vijana waliozaliwa na virusi ambao leo wako Kidato cha Pili, cha Nne, cha Sita. Huenda wamo katika shule yoyote unayoijua. Huwezi kuwatambua kwa kuwatazama.

Sasa fikiria wewe, mchoraji wa klabu ya afya, umeambiwa uchore bango la Siku ya UKIMWI Duniani, tarehe 1 Desemba. Huna wazo. Unatafuta picha za zamani, unaona mtu mwembamba, mbavu nje, fuvu pembeni. Unainakili. Mkono wako ni mzuri, kila mtu anasifu. Linabandikwa kwenye njia ya kwenda bwalo la chakula. Na kila siku, mara tatu kwa siku, mwenzenu mmoja analipita na sahani yake mkononi.

Mnanielewa? Bango lile linamwambia: "Huyu ni wewe, na wenzako wakijua watakuona hivi." Na inawezekana usiku huo akaacha kumeza dawa, kwa sababu anaogopa kuonekana nazo. Akiacha dawa, virusi vinaongezeka, na baadaye dawa zile zile zinaweza zisimsaidie tena. Hayo yote kwa sababu ya mchoro ulionakiliwa bila kuuliza.

Ndiyo maana nasema kuiga mkono peke yake ni hatari. Ukinakili picha ya zamani, unanakili pia ujuzi wa zamani, na woga wa zamani. Kabla hujachora habari ya afya nenda kituo cha afya, muulize muuguzi: "Siku hizi mnasemaje kuhusu jambo hili?" Kwa UKIMWI, kwa malaria, kwa hedhi, kwa kifua kikuu, ni hivyo hivyo. Mkoa wetu uliona ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 kule Bukoba Vijijini, na tena mwaka 2025 kule Biharamulo. Siku kama hizo uvumi unakimbia kuliko pikipiki. Katuni yenye kosa inaongeza mbio za uvumi. Katuni iliyoulizia kwanza inaweza kuupunguza.

FREMU NNE ZINATOSHA

Sasa tuingie jikoni. Wengi hudhani katuni ya maana lazima iwe kitabu kizima. Sivyo.

Yuko Mfini mmoja, Leif Packalén, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi na wachoraji wa Afrika. Mwaka 1999 yeye na Frank Odoi, Mghana aliyeishi na kuchora Nairobi mpaka alipofariki mwaka 2012, walitoa kitabu juu ya kutumia katuni katika kazi za maendeleo. Chama cha wachora katuni cha hapa Tanzania, TAPOMA, kilishirikiana nao. India nako Sharad Sharma aliifanya kazi hiyo na wanavijiji. Njia yao ni nyepesi: unaunganisha karatasi mbili za A4 ziwe bango moja. Unagawa fremu nne, yaani visanduku vinne vya picha. Unachora kwa wino mweusi, unatoa fotokopi, unabandika mahali watu wanapopita. Wachoraji si mabingwa. Ni watu wa mahali pale pale wanaosimulia jambo la pale pale.

Fremu nne zina kazi nne. Ya kwanza inatuambia tuko wapi na nani yupo. Ya pili inaleta tatizo. Ya tatu inalikaza. Ya nne inaligeuza, na mara nyingi mgeuko ndio unaobaki kichwani mwa msomaji.

Tujaribu pamoja, kwa jambo lile lile la dawa. Tunaacha fuvu. Tunaacha hata kutaja ugonjwa.

Fremu ya kwanza: bweni, usiku. Vitanda vya ghorofa, shuka, ndoo chini. Saa ya ukutani inaonyesha saa tatu. Mwanafunzi mmoja amejifunika shuka mpaka kichwani, mkono tu unaonekana, umeshika kichupa. Hakuna maneno.

Fremu ya pili: mwenzake wa kitanda cha juu ameinamisha kichwa chini. Anasema: "We! Unakula pipi peke yako?" Hapa watu watacheka kidogo. Sawa, wacheke.

Fremu ya tatu: yule wa chini ameshika kichupa kifuani. Hajibu. Wa juu naye amenyamaza, ameona si pipi. Hakuna maneno. Chora macho tu, na nyusi.

Fremu ya nne: bweni lile lile, usiku mwingine. Saa inaonyesha tatu. Wa juu ameshuka, amesimama na kikombe cha maji. Anasema: "Saa tatu hiyo. Maji haya hapa."

Mmeona? Hakuna mahubiri. Hatujui ni dawa ya nini. Inaweza kuwa ARV, inaweza kuwa ya kifafa, inaweza kuwa ya selimundu. Haituhusu. Tumejifunza namna ya kuwa rafiki. Sasa uliza lile swali: nani anachekwa? Anachekwa kidogo yule aliyeuliza habari ya pipi, na mwishoni yeye ndiye anayependeza kuliko wote. Mwenye dawa hakuchekwa hata mara moja. Akilipita bango hili na sahani yake, atakula chakula chake kwa amani.

UFUNDI KIDOGO WA MKONO

Andikeni haya, yatawafaa.

Chora kwanza kwa penseli, kwa wepesi, ili uweze kufuta. Ukiridhika, pitia kwa kalamu ya wino mweusi. Fotokopi haipendi kivuli cha penseli. Itakitoa kama uchafu. Ukitaka giza, weka mistari mingi midogo ya karibu karibu.

Andika maneno kwanza, ndipo uchore kiputo, yaani lile duara la maneno, kukizunguka. Ukianza na kiputo, maneno yatabanana kama abiria wa Hiace siku ya mnada. Kiputo kimoja kisizidi maneno kumi au kumi na mawili. Herufi ziwe kubwa kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua mbili anasoma bila kukunja uso.

Anayesema kwanza mweke kushoto, maana tunasoma kutoka kushoto. Ukimweka kulia, jibu litatangulia swali.

Uso wa katuni unaongea kwa nyusi na mdomo. Chora duara moja mara sita, badilisha nyusi na mdomo tu. Utapata hasira, woga, aibu, furaha, usingizi na ujanja. Zoezi hilo la dakika tano lina faida kuliko kuchora shujaa mmoja kwa wiki nzima.

Na usichore mtu halisi katika habari ya ugonjwa, mimba au unyanyasaji. Hata kama hukumwandika jina, shule nzima itamjua kwa mwendo wake au kwa sweta lake. Changanya: chukua masikio ya huyu, mwendo wa yule, nywele za mtu wa tatu. Kisha mwonyeshe mwenzako mmoja kabla ya kubandika. Muulize, "Huyu ni nani?" Akitaja jina la mtu, rudi kachore upya.

MASWALI YA WANAFUNZI

Swali: Kaka, mimi nina hadithi nyingi lakini kuchora sijui kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Katuni si mashindano ya uzuri. Mtu wa vijiti mwenye nyusi zinazosema anamshinda mtu mzuri asiyesema kitu. Lakini pia si lazima ufanye peke yako. Mmoja atunge, mmoja achore, mwenye mwandiko mzuri aandike maneno. Hata kwenye majarida makubwa ndivyo inavyofanyika mara nyingi.

Swali: Katuni isipomcheka mtu, si itakuwa kama hotuba ya mkuu wa shule?

Jibu: (Kicheko.) Mkuu wa shule yupo hapa, chunga. Sikusema tusicheke. Chekeni sana. Mcheki anayejidai daktari kwa kusoma ujumbe wa simu. Mcheki kijana anayesema kondomu ni ya waoga, halafu anaogopa kuiulizia dukani. Mcheki uvumi, majigambo, unafiki. Katuni nzuri inacheka tabia ambayo mtu anaweza kuiacha. Ugonjwa mtu hauachi kwa kuchekwa. Umaskini hauachi kwa kuchekwa. Hedhi haiachi, wala haina sababu ya kuiacha.

Swali: Siku hizi kuna programu za simu, unaandika maneno tu na picha inakuja. Kwa nini nisumbuke na penseli?

Jibu: Programu hizo zimejifunza kwa kutazama picha nyingi sana zilizokwisha kuchorwa na watu. Mara nyingi zinakupa kile kilichochorwa zaidi. Ukiiomba mgonjwa wa Afrika, usishangae ukiletewa mbavu zile zile za zamani. Haijawahi kulala katika bweni lenu. Itumie kama unavyotumia picha ya mtu mwingine: itazame, iulize maswali, ikague. Lakini jicho liwe lako.

Swali: Je, kama jambo ninalotaka kulichora ni la kweli? Yaani, kuna rafiki yangu anasumbuliwa na mtu mzima, na hataki kusema.

Jibu: Asante kwa kuuliza hilo mbele ya watu, au labda tuseme asante kwa kuuliza kwa niaba ya rafiki. Katika jambo kama hilo usianze na katuni. Anza na mtu mzima unayemwamini: mwalimu wa malezi, mzazi, muuguzi, shangazi. Kuna pia Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116. Ni bure, na wanasikiliza. Rafiki yako akiwa salama, na muda ukapita, na mwenyewe akikubali, ndipo habari hiyo inaweza kuwasaidia wengine ikiwa imechorwa. Lakini usalama wake kwanza, picha baadaye.

KAZI YA KUFANYA

Haya, siondoki bila kuwaachia kazi. Wiki hii kila mmoja atafute katuni moja anayoipenda, ya gazetini, ya kitabuni au ya simuni. Ainakili mara moja akiitazama. Ainakili mara ya pili akiwa ameifunika, aone mkono umekumbuka nini. Mara ya tatu abaki na ufundi tu, habari aibadilishe iwe ya hapa: ya bwenini, ya shambani, ya sokoni Omurushaka, ya foleni ya zahanati. Ziwe fremu nne tu. Chini aandike jina la mchoraji aliyemfundisha, kisha jina lake.

Mkikutana tena kwenye klabu, zitandazeni zote mezani na mziulize moja moja lile swali letu. Zile ambazo jibu lake halimuumizi aliye dhaifu, zibandikeni ubaoni.